Brauza Mpya, Namba ya Zamani

Mwewe alianza kufa mwaka jana, na mimi nikamwacha afe polepole kwa sababu nilikuwa nimechoka. Watu hudhani kuchoka na uvivu ni kitu kimoja. Mvivu hafungui duka asubuhi na mapema akafagia vumbi la Isiolo linalorudi kabla hajaweka ufagio chini. Mimi nilifungua, nikafagia, nikawasha kompyuta, nikamfungua Mwewe, akafunguka nusu akajifunga, nikamfungua tena. Hivyo ndivyo siku zangu zilivyoanza, na nyingi ziliisha hivyo hivyo.

Mwewe ni brauza. Vitabuni inaitwa kivinjari, lakini katika saiba yangu, duka la intaneti, hakuna mteja aliyewahi kuniomba nimfungulie kivinjari. Majina ya Kizungu ya vitu hivi siyashiki, nayaita kwa picha zake, na hii ilikuwa na picha ya ndege mwenye mdomo uliopinda. Nilimkuta ndani ya kompyuta nilipoinunua, mwaka ule ugatuzi ulipoleta ofisi mpya mjini na kila mtu akawa na barua ya kuchapisha. Nilikuwa nimetoka Karatina na binti yangu Sheila na sufuria mbili, nikapanga chumba karibu na soko, nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: WANGUI SAIBA, PICHA ZA PASIPOTI, KAZI ZA SERIKALI. Rangi imeshapauka. Jina langu pia limepauka, maana hapa hakuna anayeniita Wangui. Mimi ni Mama Sheila.

Mtu ataniuliza kwa nini sikutafuta brauza nyingine mapema. Sheila mwenyewe, ambaye siku hizi anafanya kazi Nairobi na hunipigia akiwa na muda, ameniuliza mara nyingi. Jibu ni kwamba mteja wa saiba hapa hana neno la siri. Ana mimi. Anaingia, anaketi, anasema, "Mama Sheila, nifungulie ile yangu," nami namwandikia jina, na Mwewe anajaza mwenyewe vile vidoti vyeusi, tunaingia. Askari wa kambi ya Burat, walimu, wakulima wa Rapsu, mzee Bonaya wa pensheni, wote walikuwa ndani ya Mwewe. Ukimuuliza mzee Bonaya neno lake la siri ni lipi, anakutazama kama umemuuliza rangi ya figo yake. Kumwondoa Mwewe ilikuwa ni kuwafungia nje watu hao wote kwa siku moja, halafu kuwasikiliza mmoja mmoja wakinilaumu. Nikifikiria hilo, nilikuwa nakunywa chai na kumfungua Mwewe tena.

Basi ikaja ile Ijumaa ya Gumato.

Gumato ni muuguzi asiye na wodi. Alimaliza chuo kwa alama nzuri, akajitolea hapa, akapata mkataba mfupi pale, kisha akakaa. Aliolewa na Duba, mnunuzi wa mbuzi, kijana mrefu mwenye maneno machache na mengine makali. Duba alitaka mke wa nyumbani. Gumato alitaka wodi, hata iwe mwisho wa dunia. Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, Duba alimwambia mke wake achague kazi au yeye, naye Gumato akachukua begi moja akarudi kwa shangazi yake, mtaa wa Bulla Pesa. Duba hakumpa talaka wala hakuja kumchukua. Alienda zake Oldonyiro kununua mbuzi, na simu zikanyamaza pande zote mbili.

Jumatatu ya wiki hiyo Gumato alikuwa ameingia kwangu bila matumaini yoyote, kuangalia tu. Mwewe kwa bahati alikuwa mzima. Tukaingia kwenye tovuti ya kuajiri wauguzi ambako nilimfungulia ukurasa miaka iliyopita, na hapo juu kabisa tukakuta maandishi ya kijani: amechaguliwa. Hospitali moja ya misheni, mbali kule magharibi, kazi ya kudumu. Athibitishe kabla ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, la sivyo nafasi apewe mwingine. Tulipiga kelele mpaka jirani yangu Kaberia akaacha miraa yake kwenye gunia akaja kuona ni nani amekufa. Gumato akaniambia, "Bonyeza, Mama Sheila, bonyeza!" Nikabonyeza. Mwewe akajifunga.

Tangu hapo Mwewe hakutuingiza tena. Jumanne na Jumatano aliganda kila nilipomgusa. Alhamisi umeme ulipotea kutwa. Ijumaa asubuhi alifunguka vizuri kabisa, nikashukuru Mungu kwa sauti, kisha tovuti ikatuandikia kwamba brauza yetu imepitwa na wakati na tutafute mpya. Niliisoma mara ya pili, nikiwa na hasira za mtu anayeambiwa jambo analolijua.

"Basi tafuta mpya," Gumato akasema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, buibui lake limejaa vumbi pindoni, simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, mkononi. Hakuwa amelala, ilionekana.

"Mpya haikujui," nikamwambia.

"Itanijua."

Nilimpigia Sheila. Alikuwa kazini, akaongea kwa kunong'ona. "Mum, si nilikushow uwachane na hiyo kitu? Ni ya kitambo hata haipati update." Akanitajia jina la brauza anayotumia yeye na kila mtu wa ofisini kwao. Kaberia, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni akisubiri gari la miraa kutoka Maua, akasema hiyo ya Nairobi ni nzito, nitafute ile iliyo kwa simu yake, inafungua mpira bila kukwama.

"Mama Sheila, wewe ni kama umeolewa na hiyo ndege," akaongeza. "Ata bwana mtu hubadilisha."

"Kaberia, nenda ukauze majani."

Lakini nilianza na yake, kwa sababu ilikuwa ndogo na mtandao wetu siku hiyo ulikuwa wa kuombewa. Picha yake ilikuwa radi. Radi ilifunguka haraka kweli, ikatumwagia matangazo ya kubeti, ya dawa za nguvu za kiume na ya msichana aliyetaka kunijua. Tovuti ya wauguzi ikatokea imebanwa pembeni, maandishi yamelaliana, na kitufe cha kuingia hakionekani popote. Nilipanda, nikashuka, nikaisukuma kushoto na kulia. Gumato alikodoa macho mpaka akatokwa machozi, sijui ya vumbi au ya nini. Nikaiondoa Radi.

Kisha nikaiteremsha ile ya Sheila, yenye picha ya pete. Ilichukua muda mrefu. Adhana ya Ijumaa ililia, maduka ya pale mbele yakafungwa, barabara ikatulia, wanaume wakapita na kanzu zao, na Pete bado ilikuwa inateremka. Wateja wangu wawili waliondoka. Ilipomaliza, ikaniuliza kwa adabu kama ningependa ilete vitu vyangu kutoka brauza ya zamani. Nikabonyeza ndiyo, nikafumbata mikono. Ikaleta anwani zote za kubeti ambazo wateja wangu wamewahi kufungua, na zile za kutafuta wachumba. Neno la siri haikuleta hata moja.

Nilijaribu pia kwenda ndani ya Mwewe mwenyewe, pale anapoweka maneno hayo, ili niyasome kwa macho yangu. Kila nilipopafikia, aliganda, kisha akajifunga. Nilimtukana kwa Kikuyu. Gumato hakijui Kikuyu, lakini alielewa.

Sasa tovuti ilikuwa mbele yetu ndani ya Pete, safi, kubwa, kila kitu mahali pake, na sanduku moja jeupe likituuliza neno la siri. Wateja wengi huwa nawawekea neno la aina moja, nalijua hata nikiwa usingizini. Tovuti hii ilikuwa imelikataa siku ile, ikataka herufi kubwa, namba na alama za ajabu, nami nikagongagonga chochote mpaka ikaridhika, Mwewe akakumbuka kwa niaba yangu. Nikajaribu kukisia. Nikakosea. Nikajaribu tena. Tovuti ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba tumebakiza jaribio moja, tukikosea itatufungia mpaka kesho.

Nilitoa mkono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa jiko.

"Hapa chini imeandika umesahau neno la siri," nikasema. "Tukibonyeza, itatuma namba za kuingilia kwa simu."

"Si utume basi."

"Gumato, kwa simu gani?"

Alijua. Nilikuwa nikimwona akilikwepa tangu asubuhi. Siku nilipomfungulia ukurasa ule, kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka. Watu wa jamii yake hukingoja sana, wanahojiwa na wazee, wanaambiwa warudi wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu. Kwa hiyo nilipomwuliza namba, kijana mrefu aliyekuja naye, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akijifanya kusoma tangazo la picha za pasipoti, alitaja yake. Nikaiandika. Ndivyo tunavyofanya hapa, mtu asiye na laini huandikiwa ya mchumba, ya kaka, ya jirani, na mambo yanaenda. Hakuna anayefikiria siku watakapokosana.

"Jaribu brauza ingine," Gumato akasema.

"Zote zitauliza hivyo hivyo."

"Jaribu tu, Mama Sheila. Kuna ingine haiulizi."

"Hakuna."

"Basi piga simu kwa hao watu wa hospitali."

Tukapiga namba iliyokuwa chini ya ukurasa. Iliita mpaka ikakata. Tukapiga tena, ikaita, ikakata. Alasiri ilikuwa imeingia, gari la miraa limefika, pale nje watu wanagombania vifurushi kwa kelele, na Kaberia anatukana wateja wake kwa furaha. Gumato alikaa akiitazama ile kabambe yake. Akaiweka mezani kifudifudi.

"Akisikia ni mimi, atacheka," akasema. "Atasema, umeona? Umenitafuta. Aliniambia siku moja nitamtafuta."

Hapo hasira zikanipanda. Nilikuwa nimechoka na Mwewe, na Radi, na Pete, nimechoka na vumbi na kuwa ufunguo wa kila mtu, na sasa huyu msichana alitaka nimtafutie katika dunia nzima brauza ambayo ingemwepusha kuzungumza na mume wake. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Nikamwambia ugonjwa wa kompyuta hii naujua, na wake si huo. Nikamwambia kiburi ni kizuri ukiwa na kazi, lakini asiye nayo akikibeba sana kitamrudisha kwa shangazi yake kuosha vyombo. Nikamwambia amwache Duba acheke mpaka ashike mbavu, mradi asome zile namba.

Nilidhani ataondoka. Akageuza simu, na vidole vyake vikaandika namba bila kuitafuta popote. Akaiweka kwenye spika, akailaza kati yetu.

Iliita mara moja tu.

"Nagaa?" sauti ya mwanamume ikasalimu kwa lugha yao. Upepo ulikuwa ukipiga kwenye simu.

"Nagaa," Gumato akajibu, kisha akaendelea kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie, au ili lugha yao isimlainishe. "Duba, niko hapa kwa Mama Sheila. Kuna namba itakuja kwa simu yako. Nataka unisomee. Ni hiyo tu."

"Ya kazi."

Gumato akaisogelea simu. "Nani amekuambia?"

"Meseji ilikuja Jumatatu. Imeandika hongera. Imeandika mwisho ni leo saa kumi na moja."

"Jumatatu! Na ukanyamaza?"

"Wewe ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Na wewe ukanyamaza," Duba akasema. Hakucheka.

Nilikuwa tayari kuingilia, maana saa ya ukutani haikuwa inawasubiri. Gumato akainua mkono kunizuia. "Uko wapi? Kuna upepo."

"Niko juu ya kilima, hii ya nyuma ya soko. Huko chini network imepotea tangu jana."

"Umepanda saa hii?"

"Asubuhi."

"Asubuhi unafanya nini juu ya kilima? Na mbuzi?"

"Mbuzi iko chini na wengine." Upepo ukapita. "Nilisema, kama atapiga, atapiga leo. Nikakaa."

Gumato alifunika mdomo kwa pindo la mtandio. Mimi nikageuka upande wa kioo cha kompyuta nikajifanya kusoma. Nitasema wazi, nilimwonea wivu. Mume wangu, Mbugua, tulipoachana, alibadilisha namba ya simu wiki ile ile, na mpaka leo Sheila hajui baba yake anapatikana wapi. Hapa alikuwa mtu ambaye hakutaka mke wake aende, ameacha mbuzi wake, amekaa juani kutwa nzima ili aweze kumsaidia aende, kama atamwomba. Na huyu mwanamke alikuwa ameimaliza siku hiyo hiyo akizunguka brauza tatu ili asimwombe. Nilitamani kuwapiga makofi wote wawili.

"Mama Sheila, bonyeza," akasema kwa sauti ndogo.

Nikabonyeza. Tukasikia simu ya Duba ikilia huko kilimani.

"Imekuja," akasema, akaanza kusoma polepole, namba moja moja. Nikaandika. Nilipofika katikati, Pete ikaganda. Kishale kikageuka duara, duara likazunguka, kompyuta ikaanza kuunguruma kwa chini. Pete ilikuwa nzuri, lakini haikutengenezewa mashine maskini. Ilipozinduka, tovuti ilituarifu kwamba muda wa namba zile umeisha, na tusubiri kidogo kabla ya kuomba nyingine.

"Imeingia?" Duba akauliza.

"Haijaingia," Gumato akasema. "Brauza ya Mama Sheila imekataa."

"Iko na nini?"

"Imezeeka."

"Si hii, hii ni mpya!" nikapaaza sauti, ingawa hakuna aliyenilaumu.

Tukasubiri. Duba hakukata simu, wala Gumato. Kwenye meza yangu kulikuwa na upepo wa Oldonyiro tu, na mara moja moja mtu akiita mbali. Mimi niliitumia Pete kufanya kazi moja ya mwisho, kutafuta brauza nyepesi ya kompyuta za zamani. Nilipata moja yenye picha ya jani, ambayo hakuna aliyewahi kunisifia. Iliteremka mara moja. Nikaifunga Pete, nikamfunga Mwewe pia, na nilipokuwa nikimfunga nikamfikiria mzee Bonaya, na walimu, na askari, na jinsi kesho wataanza kuja, na kila mmoja nitamwuliza simu aliyoandikisha ni ya nani, naye atakaa kimya akikumbuka. Nilichoka kabla hata hawajaja. Lakini Mwewe sikumfungua tena.

Jani halikuwa na urembo wowote. Lilifunguka kwenye ukurasa mweupe, halikuniuliza swali, halikunitangazia kitu. Tovuti ikatokea nzima, vitufe vikubwa, kila kimoja mahali pake. Saa ya ukutani ilikuwa karibu mno na kumi na moja, sikutaka kuiangalia. Nikaomba namba nyingine.

"Duba, iko njiani," Gumato akasema.

"Sawa. Lakini simu inalia chaji."

"Usiongee basi. Soma tu."

Simu ikalia huko. Duba akasoma. Safari hii hakusoma polepole, alisoma kwa haraka na kwa sauti kubwa kama anayeuza mnadani, na Gumato akarudia kila namba, na mimi nikaandika, na Jani halikuganda. Tovuti ikataka neno jipya la siri. Nikamsukumia Gumato kibodi nikamwambia aliandike mwenyewe na alikumbuke mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja. Tukaingia. Maandishi ya kijani yalikuwa bado pale.

"Bonyeza," nikamwambia.

Alitazama kile kitufe. Kisha akaitazama simu. Ilikuwa ni kitu kidogo tu, kubonyeza, lakini upande wa pili wa kitufe kile ulikuwa magharibi ya nchi, na safari ya siku nzima na zaidi kutoka Oldonyiro. Nilimwona akijua hivyo. Duba pia alijua, maana upepo peke yake ndio uliosikika. Na mimi sikutia neno. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Gumato akabonyeza.

Uthibitisho wako umepokelewa, tovuti ikaandika. Nje Kaberia akauliza kama ni tayari, nikamwambia ni tayari, akapiga mbinja. Machozi yalimtoka Gumato wazi wazi, hakujisumbua kuyafuta.

"Imeingia?" Duba akauliza.

"Imeingia."

"Haya. Hongera, Gumato."

"Asante."

Tovuti haikuwa imemaliza. Ikatuletea ukurasa mwingine, wa mawasiliano, na namba ya Duba ikiwa pale kwenye kisanduku chake, ikatuuliza kama tungependa kuibadilisha. Nilifurahi. Hilo lilikuwa jambo la busara la kwanza kuulizwa siku nzima.

"Badilisha sasa hivi," nikamwambia. "Kitambulisho unacho, laini unayo. Weka yako tumalize hii shida."

Gumato akajifuta uso. "Wacha hiyo, Mama Sheila."

"Utaiwacha vipi? Hospitali ikikutafuta itampata mtu wa mbuzi juu ya mlima! Na ukisahau neno la siri, na wewe utalisahau, nawajua, kila mara itabidi umpigie."

"Najua."

"Ukiwa huko magharibi, na yeye huku."

"Si nimesema najua."

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Nilikuwa pia nimechoka. Nikakipeleka kishale chini, nikabonyeza hapana, ukurasa ukajifunga, namba ikabaki ile ile.

Duba alikuwa amesikia yote. Spika ilikuwa wazi.

"Gumato," akasema. "Nishuke sasa?"

"Shuka," akamwambia. "Uende uweke simu chaji."